Kabla Sururu Haijashuka: Tahadhari ya Nyaya na Mabomba Yaliyofukiwa

Kazi ya kuchimba ardhi haikosekani katika chama cha msingi. Ghala likijengwa huchimbwa msingi. Choo kikijengwa huchimbwa shimo. Uzio ukisimamishwa huchimbwa vishimo vya nguzo. Maji yakivutwa hadi ofisini huchimbwa mtaro. Kwa kuwa kila mwanachama ni mkulima, na jembe si kitu kigeni mkononi mwake, viongozi wengi huiona kazi hiyo kuwa nyepesi na isiyohitaji kujadiliwa. Bodi hujadili bei ya saruji, hujadili idadi ya mabati, hujadili ujira wa fundi. Lakini ni mara chache muhtasari wa kikao huonyesha kuwa mjumbe aliuliza: je, chini ya mahali hapo pana nini?

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo lapaswa kuulizwa kabla ya kazi kuanza, nani aulizwe, kazi ifanywe namna gani karibu na nyaya na mabomba, na jinsi Katibu anavyoweza kuwaachia watakaomfuata majibu yaliyoandikwa.

KISA CHA CHAMA KIMOJA

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kiliamua kuchimba shimo jipya la kupokea maji machafu yanayotoka katika mtambo wake wa kumenya kahawa mbivu. Uamuzi ulikuwa mwema, kwa maana maji hayo yalikuwa yakitiririka hadi kijitoni na majirani walikuwa wamelalamika. Mahali palichaguliwa kwa macho. Vijana wanne, watoto wa wanachama, walipewa kibarua, na kazi ikaanza asubuhi katikati ya msimu, wakati mtambo ukifanya kazi.

Ilipokaribia saa sita mchana, sururu ya kijana mmoja ilikata kebo ya umeme iliyokwenda kwenye pampu. Walioshuhudia walieleza kuwa ulisikika mlio kama wa bunduki na kuonekana mwali wa moto. Kijana yule aliungua mikono yote miwili na upande mmoja wa uso. Mpini wa sururu ulikuwa wa mti mkavu. Kama angeshika mtaimbo wa chuma, huenda angefia palepale.

Mtambo ulisimama. Jioni hiyo wanachama walileta kahawa yao kama kawaida, nayo haikuwa na pa kwenda. Kahawa mbivu haingoji: isipomenywa siku ile ile ilipochumwa huanza kuchachuka yenyewe, na ladha yake huharibika. Umeme ulirejeshwa siku ya nne. Kahawa ya siku hizo iliuzwa kwa bei ya daraja la chini, na hasara ikagawanywa kwa wote, pamoja na wale ambao hawakujua hata kwamba shimo linachimbwa.

Bodi ilipouliza katika ofisi ya umeme, ilijibiwa kuwa kebo ile si ya shirika. Huduma ya shirika ilikomea kwenye mita. Yote yaliyo baada ya mita ni mali ya chama. Jalada la chama likapekuliwa. Ikaonekana stakabadhi ya ununuzi wa kebo yenye urefu wa meta 60, pamoja na hati ya malipo ya fundi. Mchoro haukuwapo. Hesabu za chama zilijua bei ya kebo, lakini hazikujua mahali pake.

Jambo hilo lilipofikishwa katika Mkutano Mkuu, mwanachama mmoja mzee alisimama, akasema: “Ndugu Mwenyekiti, mtaro ule niliuchimba mimi na wenzangu wawili, ambao sasa ni marehemu. Unatoka chumba cha mita, unazunguka nyuma ya choo, unashuka hadi kwenye pampu. Miaka yote hii nipo hapa kijijini. Hakuna aliyeniuliza.”

Kijana yule alirudi shambani baada ya miezi kadhaa, lakini vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Katika kisa hiki hapakuwa na mtu mbaya wala mzembe wa kupindukia. Palikosekana swali moja tu, na karatasi moja.

MAMBO YALIYOMO CHINI YA ARDHI

Zamani mtu aliyechimba kijijini alihofia mawe na visiki tu. Hali ya leo ni tofauti, na yafaa kila Katibu ajue aina za njia zinazoweza kupita chini ya kiwanja cha chama.

Ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote, ni mabomba ya maji. Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini, na mabomba mengi yalilazwa katika vijiji vya wakati ule. Mengine yameongezwa tangu hapo, hasa ya plastiki nyeusi. Mabomba ya chuma ya zamani huweza kuhimili pigo la jembe. Ya plastiki hukatika kwa pigo moja. Baadhi ya mabomba makuu ya zamani yalitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asibesto. Bomba la namna hiyo lisikatwe kwa msumeno wala kupondwa, kwa kuwa vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu.

Ya pili ni kebo za umeme. Wanachama wengi huamini kuwa umeme hupita juu ya nguzo tu. Ukweli ni kwamba mara nyingi waya hushuka katika nguzo na kuingia ardhini ili kufika kwenye jengo, na kutoka jengo moja hadi jingine ndani ya kiwanja hicho hicho. Hata waya mdogo wa nyumbani, wa volti 230, watosha kuua mtu mzima. Na kebo kubwa za volti 11,000 na 33,000 huunguza hata kabla hazijaguswa vizuri.

Ya tatu ni nyaya za mawasiliano. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na sehemu za njia yake hufuata kando za barabara kuu. Waya wake ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Haupigi shoti, lakini ukikatwa, benki ya wilaya, hospitali na simu za watu wengi huweza kukosa mawasiliano kwa pamoja. Chama kinacholipa wakulima kwa njia ya benki au simu hujikatia malipo yake chenyewe.

Ya nne ni mabomba makubwa ya mafuta na gesi. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilijengwa mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Na bomba kubwa la kutoka Mtwara, ambalo hupita katika nchi ya mikorosho na maghala ya korosho, lilikamilika mwaka 2015. Njia ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, yenye kilometa 1,443, imepita katika mikoa minane ya Tanzania: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Vyama vilivyo katika mikoa hiyo ni vingi mno.

Ya tano ni njia za chama chenyewe: kebo ya pampu, bomba la kutoka kwenye tangi, mfereji wa maji machafu, shimo la choo lililojaa na kufunikwa. Hizi ndizo zinazosahaulika kuliko zote, kwa sababu hakuna shirika lolote linaloweza kumweleza Katibu habari zake. Asipokuwa nazo yeye, hakuna aliye nazo.

KWA NINI HABARI HIZO HUPOTEA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida usemi huo hutajwa fedha zinapopotea. Lakini kebo iliyofukiwa ni mali pia. Nayo hupotea, ingawa haijaondoka mahali pake.

Sababu moja ni ya kihistoria. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na shughuli zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao na vijiji. Vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika kuhama huko majengo, mitambo na majalada yalibadili mikono mara mbili ndani ya miaka michache. Si ajabu basi kuona ghala la zamani lililosimama imara huku mchoro wake haujulikani ulipo. Chama kilichorithi ghala la namna hiyo kisidhani kuwa, kwa kuwa hakuna mchoro, hakuna kilichofukiwa.

Sababu ya pili ni ya kila siku. Mafundi huzika waya, hulipwa na kwenda zao. Makatibu hustaafu. Wazee waliochimba mitaro hufariki. Tena uso wa ardhi wenyewe hubadilika: mvua huchukua udongo wa juu, greda husawazisha kiwanja, au kifusi humwagwa juu. Bomba lililofukiwa kwa kina cha sentimeta 90 huweza baadaye kuwa chini ya sentimeta 30 tu. Kwa hiyo hakuna kina kinachoweza kuaminiwa kwa kukariri. Mtu anayesema, “Tunachimba juu juu tu, hatutafika kwenye waya,” anasema asilolijua.

HATUA ZA KUFUATA KABLA YA KUCHIMBA

Kuuliza kwa maandishi. Bodi ikisha kuamua juu ya kazi, Katibu aandike barua kwa kila mwenye njia anayeweza kuwapo mahali hapo: ofisi ya umeme ya wilaya, mamlaka ya maji, au chombo cha watumiaji maji cha kijiji, ofisi ya simu, na, kwa walio karibu na mabomba ya mafuta au gesi, ofisi ya bomba husika. Barua ieleze mahali, urefu na kina cha shimo, na tarehe ya kuanza. Iambatanishwe na mchoro, hata kama umechorwa kwa mkono. Iombe mtumishi afike kuonyesha njia kwa alama. Majibu ya simu hayatoshi. Jibu lililoandikwa huhifadhiwa katika jalada, na siku ya ubishi husema lenyewe.

Ikiwa jibu limechelewa, kazi ingoje. Wiki mbili za kungoja ni nafuu kuliko msimu mmoja wa hasara.

Kuuliza wazee. Katika kikao cha wanachama Mwenyekiti atangaze mahali panapokusudiwa kuchimbwa na kuomba mwenye habari ajitokeze. Watafutwe waliokuwa vibarua wakati wa ujenzi, walinzi wa zamani na mafundi wa eneo hilo. Waletwe kiwanjani, waonyeshe kwa mguu, si kwa maneno tu. Kuuliza si ujinga, na wala hakugharimu chama kitu.

Kuangalia kiwanja. Ardhi yenyewe hutoa habari kwa anayeitazama kwa makini. Nguzo fupi zenye alama na vibao huonyesha mkuza wa bomba. Koki, dira ya maji na chemba huonyesha kuwa bomba lipo, na mara nyingi huonyesha linakoelekea. Waya unaoshuka katika nguzo na kuingia ardhini lazima uwe unakwenda mahali. Mstari wa udongo uliobonyea, au mstari wa majani mabichi wakati wa kiangazi, huweza kuwa ni mtaro wa zamani au bomba linalovuja. Jengo lenye taa, lakini halina waya juu yake, limepata umeme kutoka chini.

Kuweka alama. Njia zote zilizojulikana zionyeshwe kwa vigingi na mstari wa chokaa, na wachimbaji wote waelezwe maana yake kabla ya kushika zana. Alama ikifutwa na mvua, kazi isimame mpaka irudishwe. Ikiwa shimo laweza kuhamishwa, lihamishwe. Kuhamisha shimo kabla halijachimbwa ni kazi ya dakika chache tu.

Kuandika katika mkataba. Chama kinapompa fundi au mwenye mtambo kazi, mkataba utaje waziwazi kuwa hatachimba kabla ya kuonyeshwa alama, kwamba atachimba kwa mkono karibu na alama hizo, na kwamba atasimamisha kazi na kutoa taarifa akikuta chochote kisichotarajiwa. Mwenye katapila anayelipwa kwa saa hataki kusimama. Kwa hiyo mkataba useme nani atalipia saa za kusimama. Jambo hilo lisipoandikwa, atachagua kuendelea.

KUCHIMBA KARIBU NA NJIA ILIYOJULIKANA

Kwanza, ikiwa kebo ni ya chama, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao msimamizi wa kazi mwenyewe. Kuweka kikaratasi cha onyo tu hakutoshi. Mara nyingi anayekuja kuwasha hakuwapo wakati wa kuzima. Ikiwa kebo ni ya shirika, ni watumishi wa shirika peke yao wanaoruhusiwa kuizima.

Pili, yachimbwe mashimo madogo ya majaribio ili kuiona njia kwa macho. Alama ya chokaa huonyesha mahali njia inapodhaniwa kupita. Jicho ndilo linalothibitisha. Shimo la majaribio lianzie pembeni mwa njia, si juu yake, kisha udongo uondolewe polepole kuielekea. Itumike sepetu au beleshi lenye ncha butu, kwa kukwangua na si kwa kupiga. Sururu na mtaimbo havina nafasi hapo. Vyombo hivyo viwili hupeleka nguvu yote ya mtu katika ncha ndogo, na anayevitumia haoni vinapokwenda.

Tatu, katapila isikaribie njia zaidi ya umbali uliotajwa na mwenye njia. Kama hakuutaja, chama kiache pasipungue meta moja kila upande pa kuchimbwa kwa mkono. Mtu mmoja asimame mahali ambapo mwendeshaji anamwona, na kazi yake iwe ni kutazama tu.

Nne, wachimbaji wafundishwe dalili za kuwa wamekaribia. Udongo ambao haujawahi kuchimbwa huwa na matabaka yake. Uliokwisha kuchimbwa huwa umechanganyika. Mchanga laini mahali pasipo na mchanga ni dalili kubwa, kwa sababu mafundi hulaza kebo juu ya mchanga. Safu ya matofali au vigae, au utepe wa plastiki wenye rangi kali, umewekwa hapo makusudi kumwambia mchimbaji asimame. Vijana wasiojua huung'oa utepe huo na kuendelea, wakidhani ni takataka.

Tano, kebo au bomba lililoachwa wazi lisining'inie. Lishikiliwe kwa mbao, lisikanyagwe, wala lisitumiwe kama ngazi ya kupandia. Wakati wa kufukia liwekewe mchanga chini na juu, na mawe yasitupwe juu yake.

Mabomba makubwa ya gesi na mafuta yana sheria iliyo kali zaidi. Ndani ya mkuza wake chama kisichimbe, kisijenge, wala kisipitishe mtambo mzito bila ruhusa iliyoandikwa na mwangalizi aliyetumwa na wenye bomba. Hapo Bodi haina madaraka, hata kama kiwanja ni chake.

IKIWA AJALI IMETOKEA

Kebo ya umeme ikikatwa, kila mtu aondoke na asiguse kebo, zana wala maji yaliyo shimoni. Aliyenaswa asishikwe kwa mikono mpaka umeme umezimwa. Mwendeshaji wa katapila iliyogusa kebo abaki kitini mwake na kuwakataza wengine kukaribia. Ikiwa lazima ashuke kwa sababu ya moto, aruke mbali kwa miguu miwili pamoja, asishike mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende kwa hatua fupi za kuburuta miguu, kwa kuwa umeme hutembea ardhini.

Gesi ikisikika ikivuma au ikinuka, mioto yote izimwe, sigara itupwe mbali, injini zizimwe na zisiwashwe tena. Watu waondoke kuelekea upande upepo unakotoka, wawaondoe na majirani, na simu ipigwe wakiwa mbali. Mtu yeyote asijaribu kuziba bomba kwa udongo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mafuta yakimwagika, yasichotwe. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka katika bomba iliwavuta watu wakiwa na ndoo na madumu. Moto ukawaka, na watu wapatao 100 walipoteza maisha. Kiongozi wa chama akiona watu wanakimbilia na ndoo, wajibu wake wa kwanza ni kuwazuia.

Bomba la maji likipasuka, chombo cha maji kiarifiwe mara moja. Maji yasipitishwe tena kwa kufunga mpira wa baiskeli tu, maana uchafu ulioingia shimoni huenda majumbani.

Lipo na jambo jingine linalofichwa mara nyingi: mkwaruzo. Sururu inagusa bomba, rangi ya juu inatoka, hakuna kinachovuja. Vijana wanatazamana, kisha wanafukia. Mwaka 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lilikuwa limejeruhiwa na mashine ya ujenzi bila kupasuka. Tarehe 30 Julai, baada ya mgandamizo wa gesi kuongezwa, lilianza kuvuja na hatimaye likalipuka. Watu 24 walikufa, wakiwamo wazimamoto, na zaidi ya 130 walijeruhiwa. Kwa sababu hiyo anayekwaruza na kusema asikemewe mbele ya wenzake, bali ashukuriwe. Chama kinachomtoza faini anayetoa taarifa hujifundishia watu kufukia.

DAFTARI LA MALI ILIYOFUKIWA

Hatua zote zilizotajwa zitakuwa rahisi ikiwa Katibu atafungua daftari moja, au kurasa chache katika daftari la mali ya chama, kwa ajili ya vitu vilivyofukiwa. Kila kitu kiandikwe: ni nini, kinatoka wapi na kinakwenda wapi, ni mali ya nani, kilifukiwa lini na fundi gani, kina chake siku hiyo, na vipimo vya kukionyesha.

Vipimo vichukuliwe kutoka katika alama mbili zisizohama. Mfano:

“Kebo ya umeme, kutoka chumba cha mita hadi pampu. Kona ya kwanza ya kebo iko upande wa mashariki wa ghala: kutoka pembe ya kaskazini-mashariki ya ghala ni meta 4 na sentimeta 20, kutoka pembe ya kusini-mashariki ni meta 7 na sentimeta 60. Kina ni sentimeta 70. Mchanga na matofali juu yake.”

Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu meta 4 na sentimeta 20 kutoka pembe ya ghala huweza kuwa upande wowote. Vipimo viwili, pamoja na kutaja upande, hukutana mahali pamoja tu, na mtu yeyote mwenye futi ya fundi aweza kupaona hata baada ya miaka 30. Kila mahali njia inapopinda pachukuliwe vipimo vyake. Alama iwe pembe ya jengo au nguzo ya saruji. Mti haufai, kwa kuwa hukatwa.

Kabla mtaro haujafukiwa, upigwe picha kwa simu huku futi ikiwa imelazwa ndani yake. Picha isafishwe na kubandikwa jaladani, maana simu ni ya mtu na jalada ni la chama. Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe mpaka mchoro wenye sahihi yake na ya Katibu umeingia katika jalada hilo.

Kwa vyama ambavyo havina kumbukumbu yoyote, kazi ianze kwa siku moja ya kuwakusanya wazee kiwanjani. Wapewe chokaa, waonyeshe wanachokumbuka, na Katibu apime na kuandika. Penye shaka paandikwe kuwa pana shaka. Makabidhiano ya ofisi yanapofanyika, daftari hili litajwe katika hati ya makabidhiano pamoja na fedha, stakabadhi na funguo.

HITIMISHO

Gharama ya mambo yaliyoelezwa hapa ni ndogo: barua nne, chokaa, vigingi, daftari, na subira ya siku chache. Gharama ya kuyaacha hulipwa na watu wengi, na kwa kawaida anayelipa kwanza ni kibarua, ambaye hakuhudhuria kikao, hakuchagua mahali pa kuchimba, na alipewa sururu tu na kuonyeshwa pa kuanzia.

Katika kikao kijacho cha Bodi, kila Katibu aweza kuleta swali moja: tumefukia nini katika kiwanja chetu, na nani anajua? Ikiwa jibu ni jina la mzee mmoja, basi mzee huyo atembelewe wiki hii hii, akiwa bado yupo wa kuulizwa.